Nguzo Nne za Ipagala

Mteja wangu alitaka nyumba isiyofanana na ya mtu yeyote, ndiyo maana alikuwa amejaza simu yake picha za nyumba za watu. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam, na mimi ndiye msanifu aliyempata. Nyumba mojawapo ilikuwa na paa lililosimama wima ili theluji isirundikane. Tahadhari nzuri, kwa mji ambao hata mvua huja kwa kusitasita.

Nikamshauri tuiache simu, tukaangalie nyumba zilizosimama juani hapa hapa. Akakubali upesi, maana kulikuwa na moja Ipagala ambayo kila akipita anapunguza mwendo. Jumamosi mchana tukaenda, yeye, mkewe na mimi.

Mbele kulikuwa na nguzo nne nene kama za mahakama, zimebeba kipande cha paa ambacho kisingemkinga na jua hata mtu mmoja. Mteja akaikumbatia moja kupima unene. Tulibisha hodi kwenye mlango mkubwa, sauti ikaitika kutoka nyuma. Mwenye nyumba, mkunga mstaafu mwenyeji wa Kondoa, alitokea uani akijifuta mikono kwa khanga. Tukamwamkia, tukaeleza shida yetu, naye akatufungulia huku akituonya tusikae sana.

Sebule ilikuwa imefungwa mapazia mchana kweupe, na makochi bado yana nailoni zake. Dirisha la vioo, kubwa kama ukuta, lilielekea magharibi na kuliingiza jua lote, mapazia yasiweze kulizuia. Nikageuka kutafuta pa kupumulia, nikaiona korido iliyopinda bila sababu, na mlango wa stoo unaofungukia mezani pa chakula. Nyumba ile niliichora mimi. Nilikuwa mwanafunzi, nikaiga jarida la nchi za baridi, nikampa mchoro fundi mmoja. Inaonekana fundi aliuthamini kuliko walimu wangu, akaendelea kuutumia.

Mama alieleza kuwa yeye haishi humo. Anaishi uani, kwenye vyumba viwili vya matofali ya udongo alivyovijenga kwanza kutunzia saruji.

“Hii ni ya wageni,” alisema. “Na wao wakikaa kidogo wanaomba tuhamie uani.”

Mteja akauliza nani aliichora. Mama akasema hamjui. “Ila nikimpata, nitamkalisha kwenye kochi lile saa tisa mchana, nimpe chai ya moto.”

Nikaanza kupima dirisha, kwa bidii ambayo hakuna aliyeniomba.

Tulipotoka, mke wa mteja alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha uani, ukuta mnene mgongoni, upepo wa vumbi ukimpita pembeni. Mumewe akamweleza habari za nguzo. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Nguzo utalala nazo wewe. Mimi nataka hapa.”

Alhamisi iliyofuata nilirudi peke yangu, nikakiri. Nilitegemea kugombezwa, jambo ambalo lingekuwa nafuu. Mama alifungua mlango mkubwa, akanionyesha kochi. Ilikuwa saa tisa. Chai ikaja, na ilikuwa ya moto kweli. Nilikunywa vikombe viwili, nailoni ikining'ang'ania mgongoni, yeye amesimama mlangoni akiniuliza kwa utulivu kabisa habari za masomo yangu.

Aliporidhika alinihamishia uani, akanishikia ncha ya futi tukapima unene wa kuta na upana wa kibaraza. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona mbele ya walimu, lakini nilipima kila kitu, hata urefu wa kizingiti.

Vipimo vile ndivyo vilivyoingia kwenye mchoro mpya. Mteja aliukubali baada ya kubembelezwa na mkewe na kuahidiwa nguzo mbili. Sasa wanaishi humo, na wanalala vizuri. Majirani, kwa nia njema, huwauliza nyumba kubwa wataanza kuijenga lini.