Jicho la Akinyi halitatolewa

Jicho la Akinyi, mtoto wa jirani yangu, halitatolewa. Daktari ametuambia leo hapa Homa Bay.

Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe nyuma ya jicho na kupimwa Nairobi hakina saratani.

Lakini kando ya jicho kulikuwa na chale, na daktari alihofia usaha.

"Nani alimchanja?" daktari akauliza.



Nyanya yake akainua mkono kama mwanafunzi. "Ni mimi. Nilikuwa natoa sihoho, jicho baya la watu. Lakini uvimbe ulitangulia."

"Mama, mbona hukusema?"

"Si mngenifukuza?"

(Ninyi mngesema?)

Basi, daktari akasema, si usaha wa chale, ni ugonjwa adimu: nyama za nyuma ya jicho huvimba zenyewe, bila vijidudu.

Dawa ya kupunguza uvimbe imeanza leo.

Kama jicho hilo bado linaona, hatujui. Ijumaa asubuhi jicho lake la pili, lisilo na ugonjwa, litafunikwa, aulizwe anaona vidole vingapi.