Matuta Gani?

Mwanangu, nilimkatiza bibi yangu akiongea ili nichekeshe washkaji wanne. Hilo ndilo kosa. Nimelitanguliza usije ukasoma mpaka chini ukidhani kuna mahali nitajitetea.

Na usishangae kuitwa mwanangu na mtu wa kidato cha tatu ambaye ndevu zake bado ziko njiani. Wazee wakikuita mwanangu wanakubariki. Sisi huku Ipagala tukikuita mwanangu tunataka utuonjeshe chipsi zako. Neno ni lilelile, chukua maana unayoitaka. Mimi pia nilichukua niliyoitaka, na aliyeumia ni mwingine.

Ilikuwa Jumamosi, mvua zimekolea. Mama alikuwa sokoni, simu kaiacha kwenye chaji, sisi tumejazana barazani tunapiga soga. Ikaingia namba ya Mama Neema, jirani wa bibi kule Gulwe. Bibi hana simu. Akiwa na jambo huazima ya huyo jirani. Nikaweka spika makusudi, maana mimi na bibi tukianza utani wetu, mtaa mzima unaacha kazi. Yeye huniita mume wangu, mimi namdai mahari yangu nirudishiwe kwa sababu hajui kupika wali. Ndivyo tulivyo.

"Shikamoo, mke wangu!"

"Marahaba. Mama yako yupo?"

"Katoka. Sema na mwenye nyumba."

Hakucheka. Ningekuwa na akili ningesimama hapohapo. Akasema, "Mwambie shamba lote sasa ni matuta, aje..."

"Matuta!" nikadakia. "Weka na kibao cha barabarani basi, bibi, bodaboda wasije wakapaa!"

Barazani watu wakaangua kicheko, mmoja akamwaga chai. Upande wa pili kimya. Nikadhani mtandao. Halafu sauti ikaja, ndogo, "Haya, mjukuu wangu. Mwambie mama yako hivyohivyo." Akakata. Mjukuu wangu! Tangu lini?

Mama aliporudi nikamfikishia: bibi kapiga matuta shamba zima. Mama akafurahi sana. Akilini mwake, na mwangu, matuta ya shambani ni ya viazi vitamu, basi. Akasema mama yake bado ana nguvu, Mungu ni mwema.

Sasa sikiliza jambo linaloniuma mpaka leo. Pasaka mama alipiga kwa Mama Neema, akapewa bibi. Nilikuwa palepale, nakumbuka maongezi yote, yalikuwa mafupi.

"Na matuta, mama, yanaendeleaje?"

"Yapo."

"Basi tumshukuru Mungu."

Bibi akaitikia, "Tumshukuru," wakaagana.

Mavuno yalipofika tukapanda basi kwenda Gulwe, mama kakunja magunia matupu kwenye kikapu, ya kutilia viazi. Alikuwa anaimba. Tukapitia shambani kwanza kabla ya nyumbani, na mama akaacha kuimba.

Mto ulikuwa umehama njia yake. Ulipita katikati ya shamba la bibi, na maji yalipoondoka yakaacha mchanga, mwanangu, vilima vya mchanga, kimoja nyuma ya kingine, vingine vinanifika kifuani. Juu yake hakuna hata jani. Hayo ndiyo matuta. Vilima vya mchanga navijua. Shuleni tunafundishwa kwa Kiingereza, nimevichora na upepo wake na mishale yake, nikawekewa vema. Kwa Kiswahili, kutoka kinywani mwa bibi yangu, sikuvitambua. Sikumpa hata nafasi ya kueleza kuwa ni ya mchanga.

Mama Neema alitukuta tumesimama pale. "Mmekuja leo?" Salamu yake ilikuwa hiyo tu. Akasema bibi yuko kwa watu, anavuna mtama. Tangu mafuriko anaishi kwa vibarua: wakati wa palizi kapalilia, sasa anavuna, jioni anapewa bakuli la nafaka. Bibi yangu, ambaye kila mwaka ndiye aliyewagawia wengine.

Tulimkuta kainama, kisu mkononi, anakata masuke ya mtu. Mama akapiga magoti kwenye mabua. "Shikamoo, mama." Bibi akamwitikia vizuri, akamuuliza safari, akamuuliza kazi. Hakuuliza kingine. Mimi nikamsalimia shikamoo mke wangu, nikidhani utani utanisaidia. Akasema marahaba, akaendelea kukata.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaipamba. Mtu akikuambia neno unalolijua, usikimbie nalo. Muulize: matuta gani? Ni maneno mawili tu, wala hayachoshi mdomo. Mzee akipiga simu, zima spika, nyamaza, mwache amalize mpaka mwisho wa pumzi yake, hata kama utani umekujaa mpaka kooni. Wenzangu wa barazani kile kichekesho walishakisahau. Nimewauliza, hakuna anayekikumbuka.

Mungu akupe masikio marefu kuliko ulimi. Akutunzie bibi yako, na akujalie bibi ambaye akichekwa mara ya kwanza atapiga mara ya pili. Amina.

Tulipokuwa tunarudi, bibi yuko mbele na bakuli lake la mtama kichwani, amekataa kupokewa, nilimwambia mama kila kitu: spika, kibao, bodaboda. Nikamwomba anichape. Mama hakugeuka kunitazama. Alisema hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Nikuchape ili iweje? Mama yangu amelima mashamba ya watu msimu mzima akiamini nilisikia. Na mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikamwambia tumshukuru Mungu."