Pete Nyeusi za Mzee Kucha

Karakana nzima ilimwita Mzee Kucha, na jina hilo alilipenda kuliko lake la kuzaliwa. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia valvu isivuje, wenzake waliichagua kwa kusoma pakiti. Yeye aliibinya kwa ukucha wa gumba, akainusa, akakata shauri: hii ya mafuta, hii ya maji ya moto, hii imekufa. Miaka ishirini na sita hakukosea, au tuseme hakukamatwa. Ambacho hakumwambia mtu, hata mkewe, ni kwamba siku hizi maandishi ya pakiti aliyaona kama sisimizi waliotawanyika. Akisema tu, watamtoa kwenye meza ya valvu wamkabidhi ufagio. Yeye, ashike ufagio? Thubutu.

Stoo ilikuwa chini ya mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, aliyekuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Naye alikuwa na vituko vyake: kila boksi alilibandika karatasi yenye herufi kubwa kama kiganja. Mzee akamtania mbele za watu kwamba amegeuza stoo kuwa chekechea. Watu wakacheka mbavu hawana. Mkwe akatabasamu, akaendelea kubandika.

Siku ya kufunga valvu ya boila, ile inayopitisha maji ya moto kwa presha kubwa, mkwe alimpa oringi za maji ya moto. Mzee akazibinya, akaziona ngumu, akasema zimezeeka. Akajichotea mwenyewe kwenye boksi la pili, laini, nyeusi vilevile. Karatasi ya boksi hakuitupia hata jicho, kwa dharau tu. Mkwe akamnong'oneza kwamba hizo ni za mafuta, maji ya moto yatazikausha. Mzee akamjibu kwa sauti ya juu, mafundi wasikie, kwamba alianza kufunga valvu mkwe hajaota meno. Basi mkwe akasaini daftari la kutolea vifaa.

Siku ya tisa valvu ilitema maji ya moto. Mwendesha boila, rafiki wa mzee wa kunywa naye chai tangu ujana, aliungua mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni.

Kesho yake asubuhi msimamizi aliwakusanya mbele ya stoo. Alikuwa na ile oringi mkononi, imekauka, imepasuka kama kisigino. Akauliza nani aliyetoa mpira wa mafuta kwa valvu ya maji ya moto. Daftari likafunguliwa, saini ni ya mkwe. Mzee alijua kabisa la kusema, ila ulimi ulimgomea. Akatazama viatu vyake, mtu mzima na mvi zake, akiomba swali lipite.

"Labda nilichanganya mimi, bosi," mkwe akasema.

Mzee hakumtazama hata kidogo. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Msimamizi akamwambia mkwe akusanye vitu vyake, majaribio yake yameishia hapo. Mkwe akageuka kuingia stoo, na mzee akainua macho kumfuata.

Ndipo alipoziona zile karatasi. Kutoka pale alipo, hatua kumi nzima, alisoma bila taabu: MAFUTA. Kwenye boksi la pili yake: MAJI YA MOTO. Katika karakana ile hapakuwa na mwingine aliyehitaji herufi za ukubwa ule.

"Ni mimi," alisema. "Aliniambia, nikamcheka. Macho yangu hayasomi tena pakiti. Mwache mtoto wa watu."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mzee akapita katikati yao hadi mlangoni pa stoo, ambako mkwe alikuwa amesimama na mkoba wake mkononi.

"Mwanangu, ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza, baba," mkwe akasema, macho chini, kana kwamba kosa lilikuwa lake.