Kontrola ya Boti ya Mwanabaraka

Pwani ya Ununio mwenye boti huitwa tajiri, hata kama nyumbani kwake wanashindia muhogo na chumvi. Ndiyo maana Mwanabaraka naye aliitwa tajiri, na kila alipoitwa hivyo alijibu, "Tajiri wa harufu ya dagaa," watu wakacheka. Marehemu mumewe alimwachia boti moja, wavu, na mashine iliyokuwa na kiburi cha kutowaka mpaka ibembelezwe. Wengi walimshauri auze akae kimya. Alikataa, akamkabidhi unahodha mdogo wake, Mwinshehe.

Huyo Mwinshehe, Mwanabaraka ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni, alimchapa alipotoroka madrasa, alimposea mke, na alipooa akampa chumba katika nyumba yake mwenyewe. Mwanabaraka hakubahatika kupata mtoto. Kama alikuwa na mtu wa kumwogopea usiku, ni huyo.

Dagaa wa pwani huvuliwa wakati wa giza la mwezi, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, zikaja jenereta zenye kelele, sasa ni sola: paneli juu ya kibanda cha boti, betri ndani yake, na taa kali zinazomulika maji mpaka dagaa wanakusanyika wenyewe. Zamu ya boti yake kufungwa sola ilipofika, Mwanabaraka hakumtuma mtu. Alijifunga kanga yake, akaenda mwenyewe dukani Tegeta pamoja na Gaudens, fundi wa sola aliyetoka Bukoba miaka mingi iliyopita na ambaye mpaka leo haogi baharini.

Mwenye duka alitoa kwanza waya mwembamba wa nyumbani. Mwanabaraka aliuzungusha kidoleni. "Huu si wa kufungia kuku?"

Gaudens alicheka. "Ndio wanaofunga wengi, Bi Mwanabaraka. Taa inawaka kinyonge, waya unapata moto, na chumvi ikiingia unakuwa kijani mpaka ndani. Chukua huu mnene, wa shaba iliyopakwa bati."

Akachukua huo. Kisha wakafika kwenye kontrola, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri. Ziliwekwa mbili mezani.

"Hii inachaji tu, basi," Gaudens alieleza. "Taa mnaunga wenyewe kwenye betri, mtawasha mpaka tone la mwisho. Hii nyingine ina adabu. Taa za kuvulia zinapitia humu. Betri ikikaribia kuisha, inazizima yenyewe, inabakiza akiba ya ile taa ndogo ya mlingoti. Ile ndogo ndiyo inayowaambia wenye meli kwamba hapa kuna watu."

"Inazizima hata kama wavuvi hawataki?"

"Hata wakiitukana."

"Basi nipe hiyo," alisema Mwanabaraka, akarudi Ununio moyo wake mweupe kabisa.

Giza la kwanza lilipita vizuri. La pili likaangukia kwenye mawingu, na hapo ndipo kontrola ilipoanza kazi yake. Betri haikuwa imejaa. Dagaa wakakusanyika chini ya taa, wavu ukaanza kuzungushwa, na kabla haujafungwa, pap! Taa zikazima. Dagaa wakatawanyika. Ikatokea tena, na tena. Mabaharia wakaipa kontrola jina, wakaiita mwalimu wa zamu, kama yule wa bwenini anayezima taa wakati stori ndiyo imenoga. Walicheka mwanzoni. Baadaye hawakucheka.

Mwinshehe alimfuata dada yake jikoni, hajavua hata koti la baharini.

"Dada, shikamoo. Kile kitu kitatutoa roho."

"Marahaba. Kitawatoa roho au kitawaokoa roho?"

"Wenzetu wanashusha matenga, sie tunashusha maji. Watu wangu wameshaanza kuongea na boti nyingine. Wakiondoka, mie nitavua na nani? Na Somoe?"

Somoe, mkewe, alikuwa anachambua mchele pembeni. Alicheka kidogo, akaendelea kuchambua.

Mwanabaraka akamwita Gaudens ufukweni. Fundi alipima, akafikicha vidole. "Kontrola haina kosa. Betri moja haitoshi siku za mawingu. Ongeza ya pili."

"Nitaongeza giza hili likiisha. Sasa hivi nawapoteza watu."

"Unataka nifanye nini?"

Alijua anachotaka. Wote watatu waliosimama pale walijua, yeye, fundi na Mwinshehe aliyekuwa akiangalia mchanga. Gaudens hakuinama kufungua kisanduku cha vifaa. "Mie siwezi kuamua hili, Bi Mwanabaraka. Niambie kwa mdomo wako."

"Ziunge taa kwenye betri. Weka ile inayochaji tu."

Akaziunga, kwa waya ule ule mnene, mzuri, ambao haupotezi umeme hata kidogo. Ile kontrola yenye adabu waliipeleka nyumbani kwa Mwanabaraka, fundi akaifunga ukutani sebuleni, kwenye sola ya nyumba, maana umeme wa nguzo ulikuwa haujafika mtaani kwao. Nami nasema Mwanabaraka alikosea, ingawa sijui ni nani kati yetu angesimama pale mchangani, mbele ya watu wenye njaa ya kazi, akasema vingine.

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha, na hilo ndilo linaloniuma. Matenga yalijaa. Mabaharia waliimba wakisukuma boti. Mwinshehe alimletea dada yake kanga mpya, akamfunika nayo mabegani mbele za watu, na Mwanabaraka akatukana kwa aibu huku machozi yakimlenga. Betri ya pili ikasahaulika.

Asubuhi moja boti hazikurudi zote. Jua lilishapanda walipoletwa mabaharia wake wakiwa ndani ya boti ya watu wengine, wamelowa. Mwanabaraka aliwatazama mmoja mmoja wakishuka. Aliendelea kutazama ndani ya ile boti hata baada ya wa mwisho kushuka.

Anwar, aliyekuwa mvuta wavu, ndiye aliyepata ujasiri wa kumweleza. Walipata dagaa wengi mno. Waliwasha taa mpaka zikafifia, zikafa, na ile ya mlingoti ikafa nazo. Hawakujali, walitia nanga wasubiri kupambazuke, wakalala juu ya samaki. Kisha ikaja meli ya mizigo.

"Nahodha ndiye aliyeiona. Alipanda juu ya kibanda akawa anapunga simu, ile tochi yake. Alituambia turuke. Sie tuliruka, Bi mkubwa. Yeye aliendelea kupunga."

Bahari ilimrudisha Mwinshehe upande wa Mbweni, akazikwa jioni ile ile. Msibani watu walisema ni yule fundi wa bara aliyeharibu mitambo, na wengine wakaapa kumvunja miguu. Gaudens alikuwepo, amekaa mwisho kabisa wa turubai, akimtazama Mwanabaraka kupitia mlango. Alimtazama muda mrefu. Mwanabaraka aliinamisha kichwa. Kesho yake fundi alikuwa amehama Ununio.

Somoe alikaa eda mle mle nyumbani, asitoke nje mpaka iishe. Wifi yake alimpikia, alimchotea maji, alimsuka nywele, akalala naye chumba kimoja ili asiogope. Watu walimsifu. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, na hakuwa na wa kumweleza.

Mvua za masika zikaanza. Jua halikuonekana mchana kutwa, na jioni moja, wamekaa sebuleni baada ya magharibi, taa ikazima yenyewe. Ukutani kikabaki kitaa chekundu cha kontrola, kidogo kama punje.

"Betri imeisha, wifi?" aliuliza Somoe.

Mwanabaraka angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi. "Haijaisha. Imebakiza kidogo."

"Imebakiza ya nini? Si ituwashie tu?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa. Inazima taa kubwa, inabakiza ya taa ya mlingoti."

Mvua ilipiga bati. Somoe alikigeukia kile kitaa chekundu.

"Hii ilikuwa kwenye boti."

"Ilikuwa kwenye boti."

"Fundi ndiye aliyeitoa?"

"Alikataa mpaka aambiwe."

"Nani alimwambia?"

"Mie, Somoe. Ni mie."

Somoe alisimama. Alipapasa gizani mpaka akaufikia mlango, akashika komeo, akabaki hapo na kanga yake ya eda. Hakuweza kutoka. Akarudi, akakaa upande wa pili wa mkeka, na eda ilikuwa bado ina miezi mitatu.