Siku Kundi la Shusha Mzigo Liliponyamaza

Imalingat hubeba mizigo kwa baiskeli kati ya geti la Uganda na geti la Kenya, hapa Busia. Mgongo wake ni mpana kama mlango wa ghala. Mahindi, sabuni, vitanda, hata jeneza, vyote vimeshakalia baiskeli yake. Mdomo wake ndio ulikuwa haubebi kitu. Tangu mtoto wao mchanga afe kwa homa, yeye akiwa barabarani na simu imezimwa, nyumbani hakusema zaidi ya "ee" na "bado." Mkewe, Akiror, alivumilia mpaka akachoka. Akamchukua Okurut, mtoto wao mkubwa, akarudi kwa wazazi wake Lunyo.

"Simkimbii mume," aliwaambia majirani. "Nakimbia ukuta. Tena ukuta ukipigwa na mvua unatoa sauti."

Wazee wakaketi Lunyo kusuluhisha. Imalingat alipoulizwa ana nini cha kusema, alitazama viatu vyake mpaka chai ikapoa. Baba mkwe, mzee Engole, akafunga kikao: akipata cha kumwambia mkewe, aje, asipopata, ndoa imekwisha.

Hapo ndipo Ochwo alipomwingiza Imalingat kwenye kundi la Shusha Mzigo. Ochwo ni kinyozi, Mjapadhola wa Mulanda, na kundi hilo la WhatsApp alilianzisha kwa sababu wanaume walikuwa wanamlilia kwenye kiti huku yeye ameshika wembe. Sheria zake ni za watu wa baiskeli. Anayetaka kusema anaandika "nabeba." Akimaliza, "nimeshusha." Katikati hapo hakuna kuingilia: si pole, si mstari wa Biblia, si picha ya paka. Mimi, mwanakundi niliyesoma ustawi wa jamii hadi diploma ikanishinda nusu njia, nilicheka. Wale wanaume hata wakilala, simu zao zinabishana.

Mchana mmoja mvua ilitusukuma wote chini ya baraza la maduka. Imalingat hakuwepo, alikuwa amekwama ghalani, ng'ambo ya barabara. Akaandika "nabeba," kisha akatuma sauti. Kila mtu akafungua yake, na mtu asiyeongea akaanza kuongea kutoka mikononi mwetu sote.

"Mimi ndiyo nilizima simu. Nilikuwa naokoa chaji. Akiror amepiga, amepiga. Kuwasha, mtoto amefunikwa. Sasa nikifungua mdomo nyumbani, naona hilo ndilo litatoka kwanza. Kwa hiyo nafunga."

Kisha mvua. Kisha mtu mzima akilia vibaya, kama kazi asiyoizoea. Hakuandika "nimeshusha."

Tukangoja. Mvua ikakatika, malori yakaanza kusogea, jua likatoka. Kundi zima kimya. Obore, ambaye hutoa maoni hata kwenye matanga ya watu asiowajua, alishika simu kama aliyekabidhiwa kifaranga.

"Si uandike kitu," nikamnong'oneza.

"Wewe nawe. Huoni mtu bado ana gunia mgongoni?"

Nimeingia makanisa mengi, zaidi kwa ajili ya pilau ya harusi, ila utulivu ule sijaukuta. Toka Tororo mpaka hapa, wanaume wazima, wenye midomo yao, walikuwa wamesimama kando ya mtu mmoja, na hakuna aliyemgusa.

Aliyevunja sheria jioni ile hakuijua. Ochwo alikuwa ameingiza namba ya mzee Engole, akidhani mkwe naye ni mwanaume, acha asikie. Hakujua kwamba macho ya mzee yamechoka na simu hushikwa na mkewe, Agwang. Ikatoka sauti nzee: "Mimi toto ya Akiror."

Wenzetu wa upande wa Kenya wakauliza ni toto gani lenye sauti ya kinu. Obore akawaeleza kwamba kwa Kiteso toto ni mama, halafu akashtuka mwenyewe. Kwa Iteso, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja. Na huyu ameingia chumba cha wanaume wote wa mpakani.

"Uso wako siutazami," Agwang aliendelea. "Lakini sikio halina mwiko. Yule mtoto mimi nilimshika. Homa ilimmaliza tukiwa njiani kwenda kliniki. Ungewasha simu, ungefika kulia tu na sisi. Akiror hana hasira na simu. Ana hasira kwamba mpaka leo analia peke yake. Yuko hapa, amesikia. Kama lipo lingine, lete."

Kesho yake nilimsindikiza Imalingat hadi Lunyo, kwa maana mtu haendi ukweni peke yake. Agwang alipotuona akaingia jikoni, akavuta mlango. Imalingat akaegemeza baiskeli, akaketi nje, mgongo kwenye ukuta wa udongo, akaongea. Alimwambia Akiror jinsi mtoto alivyokuwa akimshika kidole, jinsi alivyoogopa kuingia nyumbani siku ile, jinsi anavyosikia simu ikiita hata isipoita. Akiror alikuwa anabambua karanga, mikono ikasimama. Mimi nilikuwa na utani tayari tangu Busia. Ulinikaukia mdomoni. Jikoni, nyuma ya ukuta, mama mtu alikuwa akiitikia taratibu, "ee, ee," kama anayemvusha mtu kwenye maji.

Akiror akaingia ndani. Akatoka na furushi, na Okurut amemshika sketi.

"Baba Okurut, kamba unayo?"

"Ipo."

"Funga hii. Na usinyamaze, Busia mbali."