Sauti ya Tatu

Harufu ya utomvu wa msonobari ikichemka kwenye kopo la maziwa hunirudisha Mwanza, jikoni kwa babu yangu. Alikuwa akiuchemsha polepole juu ya makaa, akiuchuja kwa kitambaa, kisha akiuacha ugande. Kipande kile kigumu ndicho tulichosugulia pinde za fidla zetu ili zishike nyuzi. Nyuzi zenyewe zilipokatika, tulifunga mshipi wa kuvulia sangara. Ulitoa sauti nzito kidogo, lakini babu alisema Mungu amezoea sauti za ziwani.

Kanisani watu walituita Wale Wanne. Mtawa mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao ndiye aliyeacha vyombo vile, fidla tatu na selo moja, fidla kubwa ya kusimamishwa chini, mikononi mwa babu na wenzake watatu, baada ya kuwafundisha kupiga pamoja bila mwimbaji. Mwalimu Zakaria wa shule ya msingi alipiga sauti ya kwanza na ndiye aliyekuwa kiongozi. Mama Shija, muuza mchele wa Mirongo, alipiga ya pili. Selo ilikuwa ya Mzee Masanja, mfugaji aliyekuja kutoka Magu ameifunga kwa shuka nyuma ya baiskeli, watu wa njiani wakimuuliza anakwenda kumzika nani. Babu alikuwa na ile fidla nene, ya sauti ya tatu. Alipougua kifua alinifundisha mimi, mjukuu wake, nikiwa bado darasa la tano.

Walikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Hawakuandika noti. Kila mmoja alibeba sauti yake kichwani, na aliruhusiwa kumfundisha mtu mmoja tu wa kumrithi. Babu alinieleza sababu: ng'ombe wa Masanja waliwahi kula mpunga wa Mama Shija, wakanuniana wiki nzima, lakini Jumamosi ya mazoezi ilipofika walilazimika kupatana, maana wimbo wao wa Pasaka haukupigika bila wote wawili. Kila mmoja alikuwa mateka wa mwenzake, na kwao hiyo ilikuwa ndiyo ibada yenyewe. Babu alipofariki, nilijua nimeachiwa kitu ambacho hakuna mwingine duniani anacho.

Miaka hiyo maduka ya mjini yalikuwa yamefunguka. Redio, viatu na saa kutoka Dubai vilijaa mpaka barazani. Baada ya Krismasi moja Mwalimu Zakaria alianza kutuita nyumbani kwake Buhongwa, mmoja mmoja, akisema anakagua sauti zetu kwa ajili ya Pasaka. Sebuleni palikuwa na kinanda cha umeme, kimefunikwa kitambaa cha kudarizi. Mkewe aliniletea chai na maandazi kama mgeni mkubwa.

"Rudia hapo, binti. Polepole," alisema Mwalimu, huku akitafuta noti zangu kwa kidole kwenye kinanda.

Nilirudia kwa furaha. Tulipofika pale sauti ya tatu inapopanda peke yake, juu ya zile nyingine tatu zilizotulia, vidole vyake vilishindwa. Alijaribu tena, akacheka. "Babu yako alikuwa na vidole vya nyani!" Nami nikacheka. Nilidhani tunamkumbuka babu pamoja.

Siku ya Pasaka tulikuta benchi letu limesogezwa ukutani na kinanda kimewekwa mbele. Mzee Masanja alisimama na selo yake, vumbi la njia nzima likiwa bado miguuni.

"Mwalimu, na sisi tushike nini?"

"Shikeni vitabu vya nyimbo, Mzee."

Mwalimu akaupiga wimbo wetu peke yake kwenye kinanda, sauti zote nne. Watu wakapiga makofi mpaka wengine wakasimama juu ya viti. Nilisubiri pale pa babu. Alipita bila kupagusa.

Nje, Mzee Masanja aliifunga selo yake taratibu. "Ng'ombe wangu nikimkamua anajua anakamuliwa," alimwambia Mama Shija. "Mimi nimekamuliwa huku nakunywa chai." Hakurudi tena kanisani petu.

Nilimfuata Mwalimu mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu. Ile sehemu ya babu hukuipiga."

"Marahaba, binti." Alinishika bega kwa upole. "Nani amegundua?"

Leo mimi ni mzee wa kanisa lilelile. Mungu amenilea, amenipa watoto na afya, namshukuru. Mwalimu Zakaria nilimwombea kitandani pake mpaka mwisho, na sikumwombea kwa midomo tu. Lakini swali lake halijaniacha, kwa kuwa jibu lake lilikuwa kweli: hakuna aliyegundua. Wimbo ule ulitiwa maneno, kwaya ya vijana huuimba kila Pasaka kwa spika kubwa, na wote wanauona umekamilika.

Pasaka iliyopita nikiimba pamoja nao, tulipofika pale pa babu, nilipanda na sauti yake bila kukusudia. Baada ya ibada binti mmoja wa kwaya alinijia kwa adabu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama. Samahani, pale katikati huwa unapotea. Nikufundishe?"

Nilimshukuru. Nilimwambia aje kwangu Jumamosi, tuanzie hapohapo. Utomvu wa msonobari nimeshauweka jikoni, karibu na fidla ya babu.