Gusberi Nyuma ya Nyumba ya Mama Mkwe

Siku mama yangu alipokuja Kanduyi kula gusberi zake, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nakusimulia kwa sababu umekodi shamba kule Ndalu, na jana nilikusikia ukijisifu kwamba utalijaza gusberi lote mvua ya kwanza ikinyesha. Keti kidogo. Shamba halikimbii.

Kwetu Kitale tunda hili lilijiotea kando ya zizi, dogo, la manjano, limejifunika ganda jembamba kama karatasi. Likiiva huanguka lenyewe, nasi tuliokota tukala njiani kwenda shule. Nilipoolewa, mama alinipa mbegu zake zote kwenye kitambaa, kwa kuwa kaka zangu walikuwa wameing'oa ile mimea na kulima mahindi mpaka mlangoni. Akaniambia, "Nikija kukuona, utanipa nile." Nawe unajua mila zetu, mama wa binti haendi ovyo kwa mkwe wake. Angekuja mara moja, kwa heshima, na mbegu nyingine hakuwa nazo.

Nami nilijiona mkulima. Si nimetoka Kitale? Nilichagua shamba la chini, karibu na kijito, penye udongo mweusi wa kunata, nikatia mbolea ya mahindi, ya kupandia na ya kukuzia, bila kupima. Mama mkwe wangu, mwanamke wa maneno machache, aliniomba mbegu kidogo. Nilimpa huku nacheka moyoni, maana hata kulimenya tunda lenyewe hakujua. Alizipeleka wapi, sikuuliza.

Mimea ilinenepa, mwanangu. Majani yalinifika kifuani, majirani wakasimama njiani kuyasifu. Maua yakawa machache, matunda hakuna. Kisha mvua kubwa ikaja, maji yakatuama pale chini siku nne, mizizi ikaoza. Wiki hiyohiyo habari zikafika kwamba mama anakuja Jumamosi.

Nilizunguka soko lote la Bungoma, hakuna aliyeuza. Nikatunga uongo, ati kuku waliingia shambani wakala. Jumamosi mama akaketi nyumbani kwa mama mkwe, akanitazama, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kuanza uongo wangu wakati mama mkwe alipoingia na kikapu kidogo, akakiweka miguuni pa mama yangu.

"Hii ni ya kwenu," akasema. "Kula, mama."

Mama akamenya moja, akaitafuna taratibu, macho amefumba. Nikakaa chini sakafuni, nikalia kwa furaha na aibu pamoja. Mama alidhani nalia kwa kumwona yeye, na kwa miaka mingi nilimwacha adhani hivyo.

Alipokwisha kwenda, mama mkwe alinipeleka nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo mke wa mwana hapiti ovyo. Palikuwa na mteremko wa changarawe ambao hata sukuma wiki haikukubali. Mimea saba, mifupi, imejaa matunda.

"Ati uliipea mbolea ya mahindi," akasema. "Si itakula tu inenepe? Na ukaiweka kwa maji, na hii joto yetu. Hapa jua ya asubuhi inaipata, ya mchana nyumba inazuia, na mvua ikikuja inapita inaenda."

"Nani alikufundisha, mama?"

"Mama yako. Siku ya harusi nilimuuliza hii kitu inaishi aje. Wewe umekula miaka yote na hukuuliza."

"Mbona hukunionya?"

"Ungesikia?"

Nisingesikia. Hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Basi nisikie wewe. Ndalu si Kitale, wala si Kanduyi. Litembee lile shamba mvua ikinyesha uone maji yanasimama wapi, hapo usipande. Kaangalie alfajiri baridi inatua wapi, maana baridi kali ya bondeni huunguza majani machanga. Samadi kidogo inatosha. Gusberi iliyoanguka iokote siku hiyohiyo, isije ikapasuka na kuoza ndani ya ganda. Na kwa kuwa mvua za siku hizi hujijia zikipenda, usipande mbegu zote siku moja wala mahali pamoja. Kabla ya hayo yote, muulize aliyeishi na mmea. Mimi nilizaliwa nao na sikuujua.

Chukua kitambaa hiki, mbegu zake zimetoka kwa ile mimea saba. Nusu nimebaki nazo, na usinitazame hivyo. Mungu akupe mvua ya kiasi na jua la upole, na siku ukikosea kama nilivyokosea mimi, umkute mtu aliyekuwekea chache nyuma ya nyumba.